Ufunguo wa Jiko la Aguti

Jumatatu, Machi 3

Kila mwaka bunge la kaunti hutugawia sisi madiwani shajara yenye nembo juu, na kila mwaka nimekuwa nikimpa Aguti yangu aandikie siku za kuku kuangua. Mwaka huu Aguti hayupo wa kumpa, kwa hivyo nitaandika mimi.

Leo ni siku ya sita tangu mke wangu aende kwao, ng'ambo ya mpaka upande wa Tororo, kilomita tisa kutoka daraja la Malaba. Hakupiga kelele wala hakuvunja sahani. Jumanne ile jioni alipakua atap, ugali wetu wa wimbi, na kuku wa mchuzi wa njugu, akaketi mbele yangu, akauliza, "Baba Winny, ni lini tutakaa tule sisi wawili tu, bila simu, bila watu mlangoni?" Nilikuwa nasoma ujumbe wa injinia wa barabara. Nikajibu bila kuinua kichwa, "Jambo hilo linashughulikiwa."

Alicheka. Nami nikacheka, nikidhani tumetaniana. Asubuhi yake akafunga jiko kwa kufuli, akabeba mkoba mmoja, akapanda bodaboda. Ufunguo wa jiko akaenda nao.

Jiko letu liko nje, nyuma ya nyumba, na sufuria zote zimo humo. Tangu siku hiyo nachemsha chai kwenye stovu ya mafuta taa sebuleni, mimi Robinson Ojakol, mheshimiwa mzima, niliyefundisha Kiswahili miaka ishirini na miwili kabla ya watu wa wadi hii kunipigia kura. Yvonne, msaidizi wangu wa ofisini, anasema nimlete fundi avunje kufuli. Nimemkatalia. Sijui kwa nini nimemkatalia kwa ukali vile.

Kuhusu kazi: kontrakta amechimba barabara kuu kutoka mpakani hadi karibu na shule, ameacha mtaro wazi upande wetu, na malori ya Kampala, Kigali na Juba yamejipanga mistari miwili kwenye kipande kilichobaki. Vumbi limeingia mpaka kwenye sukari.

Jumanne, Machi 4

Watu kumi na wanne mlangoni kabla ya saa mbili asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama yuko wapi. Wote wanajua.

Ijumaa, Machi 7

Mkutano wa wananchi uwanjani pa shule ya msingi. Nilitegemea watu hamsini, wakaja mia mbili, nusu yao wamevaa barakoa za vumbi.

Mama Nusura ndiye aliyeanza. Huyu ana kibanda cha chai na chapati kando ya foleni, na madereva wa kutoka Mombasa wanamwita dada kwa heshima kubwa kuliko wanayonipa mimi. Akasimama, akajifunga leso vizuri.

"Jina langu Nusura, natoka hapa hapa stage. Mheshimiwa, mtaro uko mbele ya kibanda changu tangu Januari. Wateja wanaruka kama mbuzi. Watoto wa shule wanaruka. Mama mjamzito juzi amerukishwa, ameshikwa huku na huku. Mvua ikikuja tutaruka nini? Tutaogelea? Mimi nataka tu kalvati moja na slabu juu, watu wapite. Ni lini?"

Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikafungua mdomo, na maneno yakatoka yenyewe, "Jambo hilo linashughulikiwa."

Nikajisikia mwenyewe nikilisema. Ni kweli kwamba nimeandika barua tatu. Ni kweli pia kwamba sijui kama kuna mtu amezifungua. Nusura akaketi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Haya. Ndio maana hata nyumbani chai ni ya stovu."

Walicheka sana. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Huyu mama ana mdomo mchafu na sina haja naye.

Jumatano, Machi 12

Mvua ya kwanza. Aguti hupenda harufu yake, husimama mlangoni hata kama nguo zinalowa kwenye kamba.

Jumapili, Machi 16

Okedi amepiga simu. Ni kaka mkubwa wa Aguti, na tangu baba yao afariki yeye ndiye mwenye neno katika boma lile.

"Yoga, mkwe wetu," akanisalimia.

"Yoga, mzee. Mko salama?"

"Tuko. Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa tutakaa. Uje mwenyewe."

"Bila shaka, mzee."

"Mwenyewe," akarudia, akakata simu.

Kwetu mke akirudi kwao hafuatwi kwa simu. Mume huenda kwa miguu yake, anaketi anapooneshwa, anaulizwa, anajibu. Asipokwenda, basi amekwisha jibu.

Nilitaka kumwuliza kama Aguti yuko karibu na simu, kama anakula vizuri, kama kile kikohozi cha vumbi kimempungua. Nikaona aibu kumwuliza mwanamume mwenzangu habari za mke wangu mwenyewe.

Alhamisi, Machi 20

Mvua imenyesha siku nne. Mtaro umejaa. Foleni imepita Amagoro. Nimenunua sukari, sabuni, majani ya chai na gomesi ya kijani, gauni refu la heshima, kwa ajili ya mama mkwe, ambaye wote tunamwita Toto, yaani mama kwa lugha yetu. Nimenyoa.

Jumanne, Machi 25

Zimebaki siku nne. Nimemwota Aguti. Alikuwa anapepeta njugu tu, hakusema kitu.

Jumamosi, Machi 29

Siku imekuwa ngumu lakini nimeimudu, na niseme ukweli, najivunia kidogo.

Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshavaa koti na tai. Simu ikalia: wakubwa wanakuja kutoka Nairobi kukagua barabara saa nne, diwani asikose. Ningefanya nini? Mtaro ule unaninyima usingizi. Huenda nikisimama nao pale, nikawaonyesha kwa kidole changu, mambo yaishe leo. Upande wa pili ni Okedi na wazee wake.

Nikafikiri kama kiongozi anavyofikiri anapokuwa na mialiko miwili siku moja. Nikamtuma mwakilishi. Nilimwita Yvonne, tukaandika hotuba fupi ya heshima, ukurasa mmoja tu, nikampa zawadi zote na gari la ofisi, dereva akajipenyeza pembeni hadi mpakani. Yvonne anavutia watu na ana sauti nzuri ya kusoma. Alikuwa na wasiwasi. "Mheshimiwa, hii si kama harambee," alisema. Nikamwambia awe na amani, wale ni watu wangu, wataelewa.

Wakubwa hawakufika. Walikwama kwenye foleni kule Amagoro kwa muda wa saa mbili unusu, wakageuza magari. Nilisimama kando ya mtaro na mwavuli hadi saa nane, mimi na Methuselah, injinia wa kontrakta, mtu mwembamba anayesema "wiki ijayo" kwa kila kitu.

Hata hivyo kule Tororo angalau mambo yamekwenda. Namsubiri Yvonne aniletee habari. Labda atarudi na Aguti ndani ya gari.

Jumapili, Machi 30

Yvonne amekuja baada ya kanisa. Hakutaka kuketi. Nimemlazimisha aeleze kila kitu, na nitakiandika chote ili siku moja nisije nikajidanganya kwamba kilikuwa kidogo.

Anasema walikuwa wamefagia boma tangu barabarani. Wazee saba, kina mama wengi, Toto mwenyewe amekaa mbali kidogo chini ya upenu, kama mama mkwe anavyokaa mkwe wake akija. Chungu cha ajon kilikuwa katikati, pombe imetiwa maji moto, mirija imeshachomekwa, kila mzee na wake. Mrija mmoja ulikuwa umeegemezwa kwenye kiti kitupu, kiti chenye kitambaa. Ulikuwa wangu.

Gari liliposimama wanawake walipiga vigelegele. Akashuka Yvonne.

Okedi aliangalia ndani ya gari. Akaangalia nyuma ya gari. Kisha akamkaribisha mgeni kwa adabu zote, akamwomba aseme lililomleta. Naye msichana wa watu, kwa sababu nilimwagiza hivyo, akafunua karatasi akasoma.

"Alisoma yote?" nikamwuliza, nikiomba aseme hapana.

"Yote, mheshimiwa. Kuanzia itifaki imezingatiwa."

Nilikuwa nimesahau kwamba niliandika hilo. Itifaki imezingatiwa. Kwa wakwe zangu. Kisha ile sehemu ya mheshimiwa angependa sana kuwa nanyi lakini amebanwa na majukumu ya wananchi. Kisha ile ya anawahakikishia kwamba suala la mama linapewa kipaumbele.

"Na Aguti?"

"Mama alikuwa mlangoni kwa jiko, na unga mikononi. Nilipofika hapo kwa kipaumbele aliingia ndani."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Mzee Okedi ndiye alisema. Alisema eyalama, wameshukuru, wamesikia. Wakanipa chakula, mheshimiwa, kuku mzima. Nilikula nikilia kidogo. Halafu wakanirudishia vitu vyote kwa gari. Sukari, gomesi, yote. Mzee akasema, mwambie mkwe wetu sisi si kundi la akina mama wa kuombea kura."

Hakuna mtu aliyegusa ule mrija, anasema. Waliondoa kiti ukiwa bado umeegemea.

Gomesi iko hapa mezani. Nimejaribu kupiga simu mara kumi na moja. Aguti, mimi ni mjinga. Nilipokuwa mwalimu, mtoto akileta barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na mtu mwingine nilimrudisha nyumbani.

Ijumaa, Aprili 4

Hashiki simu. Okedi anashika, anasema, "Yoga," anasikiliza, anakata.

Jumatano, Aprili 9

Mvua. Foleni. Methuselah amesema wiki ijayo.

Jumatatu, Aprili 14

Ndala zake za shambani ziko bado nyuma ya mlango, moja imelala juu ya nyingine. Redio yake imewekwa kwenye stesheni ya Tororo ambayo mimi husema inakoroma. Nilikuwa sijaigusa. Leo nimeiwasha saa ya taarifa, nikakaa kwenye kiti chake nikaisikiliza ikikoroma. Nimemkosa mke wangu. Nimekuwa nikiandika huku nikizunguka neno hilo tangu mwezi wa tatu, basi niliandike likae: nimemkosa, namtamani, nyumba hii ni ya kwake na mimi ni mgeni ndani yake.

Ijumaa Kuu, Aprili 18

Nilienda mpakani kwa mkutano wa foleni na maafisa wa pande zote mbili. Baadaye nilisimama hapo darajani. Mto ni mdogo hivi, ng'ambo unaona watu wakichagua nyanya. Kulikuwa na mwanamke mwenye mwavuli wa njano kama wake, anatembea kama yeye, na nikamwita. Aligeuka. Hakuwa yeye. Alinisalimia kwa huruma, nikarudi ofisini.

Jumanne, Aprili 22

Mama Nusura amevunjika mguu.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alikuwa amebeba birika la chai na vikombe kwa madereva, mvua imelainisha ukingo, akateleza akaingia mtaroni mzima mzima. Chai yote ikammwagikia. Madereva wanne wakashuka wakamtoa. Gari la wagonjwa halikuweza kupita foleni, kwa hivyo walimbeba kwa mlango wa kibanda chake, waliung'oa kwenye bawaba, wakapishana mabegani hadi hospitalini.

Nilimkuta amelala, mguu umefungwa, uso umevimba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alisema tu, "Robinson, wewe nilikuuliza vizuri."

Hajawahi kuniita kwa jina. Nilishika ukingo wa kitanda, nikamwambia, "Uliniuliza vizuri. Mimi sikukujibu."

"Ee," akasema. "Na si mimi peke yangu."

Alhamisi, Aprili 24

Nimeenda kwa Methuselah kwenye kontena lake la ofisi, na mara hii nilipiga meza. Nikamwambia wiki ijayo yake imemvunja mtu mguu. Nilidhani atajitetea. Aliinama, akafungua jokofu tupu, akalifunga, kisha akaniambia ukweli ambao amekuwa akiuonea aibu wiki mbili hizi.

Kalvati zipo. Zilitengenezwa, zikapakiwa. Ziko kwenye lori. Lori liko kwenye foleni.

"Foleni gani?" nikauliza.

"Hii hii, mheshimiwa. Foleni yetu. Mara ya mwisho dereva alinipigia akiwa karibu na Kanduyi, halafu simu yake ikazima. Hakuna anayempisha. Kila mtu anasema hata yeye ana mzigo."

Kalvati za kuondoa foleni zimekwama ndani ya foleni. Nilicheka hadi nikashika kiuno, naye akacheka. Kumbe huyu kijana naye hapati usingizi. Ana mtoto wa miezi mitano kule Nakuru ambaye hajambeba.

"Umeandika barua?" nikamwuliza.

"Saba," akasema.

"Mimi tatu."

Ijumaa, Aprili 25

Mkutano tena shuleni. Watu mia tatu, hakuna vigelegele. Mtu wa nyuma aliuliza kalvati inakuja lini. Nikasema, "Sijui."

Watu wakageukiana.

"Sijui," nikarudia. "Iko kwenye lori, lori liko kwenye foleni, sijui ni wapi. Kesho asubuhi nitaenda kuitafuta mimi mwenyewe. Nikiipata nitawaambia. Nisipoipata pia nitawaambia."

Nilitarajia mawe. Mzee mmoja alivua kofia akakuna kichwa, akasema, "Basi leo angalau tumeongea."

Jumatatu, Aprili 28

Nimechoka mgongo, nimechoka miguu, na bado natabasamu, kwa hivyo nitaandika.

Nilitoka Jumamosi kwa bodaboda, nikifuata foleni kinyumenyume, nikisoma namba za malori moja baada ya jingine. Nilipita Amagoro, nikapita Kimaeti, nikalala Bungoma, na Jumapili kabla ya adhuhuri nikalipata: lori la bluu, kalvati sita nyuma, dereva anafua soksi. Amekaa barabarani siku kumi na tisa.

Sasa kulitoa. Sina polisi, sina king'ora. Nilienda kwa dereva wa mbele yake, nikamsalimia, nikamwuliza jina na anatoka wapi. Nikamweleza habari za mama wa chai kule Malaba.

"Nusura?" akasema. "Nusura wa chapati? Ndio huyo amevunjika?"

"Ndiye."

Akapanda, akawasha injini, akasogea kando. Nikaenda kwa wa pili. Wa tatu alikuwa Msomali mkali, alinitukana kwanza ndipo akasogea. Wa kumi na mmoja alitaka nimweleze mara mbili. Kwa kila lori nilishuka, nikaeleza, nikaomba. Si kila mtu alikubali, wengine tuliwazunguka kwenye matope. Baada ya Kimaeti habari ilianza kututangulia, tukawa tunakuta wameshapisha na wanapiga honi. Tumeingia Malaba leo saa kumi alasiri.

Barua kumi, mimi na Methuselah. Na kazi yenyewe ilikuwa ya kwenda na kuuliza.

Nimekaa sebuleni na chai ya stovu nikifikiria kilomita tisa.

Alhamisi, Mei 8

Kalvati mbili za kwanza zimelazwa. Wananchi walikuja na majembe yao, nami nikachukua koleo. Methuselah anasema nashika koleo kama chaki.

Jumanne, Mei 20

Slabu imewekwa mbele ya kibanda cha Nusura. Alikuja kwa magongo, akasimama juu yake, akaikanyaga kwa mguu mzima mara tatu. Madereva wamekubali kupanga mstari mmoja tu upande wa shule. Foleni haijaisha, nisidanganye, lakini mtoto anaweza kuvuka.

Alinivuta kando. "Mheshimiwa, huku tumevuka. Wewe unavuka lini?"

"Naogopa," nikamwambia. Ndivyo nilivyosema kweli, kwa mama niliyeandika hapa kwamba ana mdomo mchafu.

"Ogopa ukienda," akasema.

Jumamosi, Mei 31

Nimerudi. Nataka kuandika kabla sijavua viatu.

Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi. Simu nilimwachia Yvonne. Sikuvaa tai. Nilibeba gomesi ya kijani na sukari ile ile, na jogoo mmoja kwapani. Daraja lilikuwa limejaa, magari hayasongi, kwa hivyo nilionyesha kitambulisho nikavuka kwa miguu, na kwa miguu nikaenda kilomita zote tisa. Madereva kadhaa walinitambua. Mmoja alipiga kelele kutoka juu, "Mheshimiwa wa kalvati, leo unatafuta lori gani?" Nikamwambia natafuta mke. Akapiga honi.

Hakuna aliyefagia, maana sikutarajiwa. Okedi alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Aliangalia nyuma yangu, akitafuta gari, akitafuta mwakilishi.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mzee."

Alinionyesha kigoda kidogo uani, juani. Nilikaa hapo saa mbili. Walikwenda kuwaita wazee mashambani, wakaja mmoja mmoja, wakakaa kivulini. Toto alipita kwa mbali, nikainamisha macho kama inavyopasa. Aguti sikumwona, lakini nilisikia kikohozi chake nyuma ya nyumba, nikamshika jogoo vibaya akapiga kelele.

Kisha wakauliza. Kila mtu alisimama, akataja jina lake kwanza, akauliza, sawasawa na watu wangu pale shuleni. Kwa nini ulimtuma msichana? Kwa nini ulimjibu dada yetu kama mtu wa barabarani? Unaijua siku aliyozaliwa? Alipougua kifua mwaka jana ulikuwa wapi? Nikajibu. Nilisema nilikosa. Nilisema nilikuwa Kisumu kwenye semina. Siku ya kuzaliwa niliijua, nashukuru Mungu. Mara mbili nilianza na "kama mnavyofahamu," nikajikata.

Mwishoni Okedi akauliza kama kuna mwingine. Sauti ikatoka mlangoni.

"Mimi," akasema. "Jina langu Aguti. Natoka hapa."

Amekonda. Amesuka nywele kwa mtindo wa zamani, wa tulipokutana. Alifuta mikono kwa leso, hakuniangalia usoni, aliangalia jogoo.

"Nilimwuliza mheshimiwa swali mwezi wa pili. Nalirudia. Ni lini tutakaa tule sisi wawili tu?"

Nilikuwa nimetunga jibu refu njiani, zuri sana. Lote lilipotea.

"Jumapili," nikasema. "Kila Jumapili simu itakaa kwa Yvonne na mlango utafungwa. Siku nyingine sijui, Aguti. Watu watakuja, sitakudanganya. Ila Jumapili ni yako. Na nimekukosa. Hata redio yako nimeisikiliza."

Kina mama walicheka. Yeye hakucheka, ila aliinua uso.

"Ile inayokoroma?"

"Kila siku."

Wazee walijitenga kuzungumza. Okedi aliporudi alijinyoosha, akakohoa kama mimi ninavyokohoa jukwaani, akasema, "Mkwe wetu, jambo lako linashughulikiwa." Boma zima likaangua kicheko, na Toto nikamsikia akicheka ndani. Nilistahili. Kisha wakachukua jogoo, wakachukua sukari na gomesi, na chungu kikaletwa, nikapewa mrija.

Sikurudi naye. Alinisindikiza hadi njia kubwa, tukitembea polepole, mabega yakigusana kila penye tope. Alisema Toto hana nguvu mwaka huu, na wimbi yake iko shambani. Hatamwacha hadi ivunwe.

"Ni mwezi wa saba huo," nikasema.

"Ni mwezi wa saba."

Sikubishana, ingawa mwezi wa saba naona uko mbali kuliko Kigali. Malori yalikuwa yanapita. Nikatafuta la kumchelewesha.

"Basi nipe ufunguo wa jiko. Nimechoka kupikia sebuleni."

Akagusa kiunoni, kwenye fundo la leso. Upo hapo, umefungwa, nimeona umbo lake. Ameubeba miezi yote hii. Alishika lile fundo kidogo, kisha akaliachia.

"Huo sitakutumia kwa mkono wa mtu," akasema. "Nitakuja nao mwenyewe."

Jumapili, Juni 1

Simu iko kwa Yvonne. Watu wawili wamebisha, nikawaambia waje kesho. Mvua imeila kufuli ya jiko, imeanza kushika kutu. Nimeitia mafuta.